Ujumbe Uliotumwa Mara Tatu

Jumamosi hiyo soko la Ruvumera lilikuwa limefurika watu, na Astère alikuwa akitembea kiubavuubavu. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, chombo cha kupimia ardhi na miguu yake mitatu ya mti begani, mgongo kaubandika ukutani kama mwizi. Alipofika kwenye kibaraza cha washonaji, alimwinamia msichana wa kwanza.

"Dada, nisaidie. Suruali imepasuka."

"Wapi?"

"Kule... nyuma."

Lisette alisimamisha cherehani. Alikuwa msichana wa Uvira, maji ya kunde, ndani ya gauni la kitenge cha manjano alilolishona mwenyewe, likamkaa kiunoni hata wateja wakawa wanaomba "kama hilo hilo". Alijaribu kuzuia kicheko, kikamshinda.

"Na hiyo miti ni ya nini?"

"Mi ni mupima ardhi. Saa tano nangojewa Kinanira, nipime kiwanja."

"We unapima viwanja vya watu, suruali yako ikakushinda kupima?"

Mama Ernestine, muuza vifungo wa meza ya jirani, nusura aanguke kwenye kigoda chake. Astère alifungwa kitenge, akakaa kimya kama bi harusi, suruali ikashonwa. Alipoivaa hakuondoka.

"Nipe namba yako."

"Ya nini?"

"Ikipasuka tena."

"Mi nikishona haipasuki."

"Basi nitaipasua mwenyewe."

Akapewa namba.

Miezi minne ikapita kwa raha. Jioni walikula samaki wa mukeke wa kuchoma kando ya ziwa, wakinyang'anyana ndizi za kukaanga. Mchana simu ilikuwa haikosi.

"Mukunzi, mupenzi wangu, umekula?"

"Nimekula wali na ndagala."

"Hukuniwekea?"

"Kimebaki kichwa kimoja. Kuja mbio!"

Jambo moja Lisette hakumwambia. Kabla ya kuja Bujumbura kuishi kwa baba yake mkubwa, Marcellin, alikuwa na mchumba aitwaye Espoir. Espoir alikwenda Lubumbashi kutafuta kazi, akamwambia, "Ningoje." Lisette akangoja miaka miwili. Simu zikapungua, zikakatika, na siku moja alipokuwa akimpima bi harusi wa watu, ikaingia picha kwenye simu yake: Espoir ndani ya suti, na mke mpya ubavuni. Lisette alivuka mpaka na cherehani yake, akidhani machozi ameyaacha Uvira.

Kisha Astère akatumwa kikazi Cankuzo siku nne. Siku ya kwanza alipiga akiwa njiani. Ya pili, kimya. Ya tatu, sauti ile ile ya mashine kwamba mteja hapatikani. Tumbo la Lisette likakaza, mkono wa gauni akaushona juu chini. Alasiri akaandika: *Usinitafute tena. Mi nimechoka kungoja.* Akaifungia namba.

Astère alikuja kibarazani na matope ya safari viatuni.

"Lisette, kule milimani hakuna rezo, simu haishiki. Nilikuambia mbele niende."

"Wanaume wote munasema hivyo."

"Wote ni nani? Mi niko mumoja."

Lisette akakanyaga cherehani bila kuinua macho. Astère akageuka, akaenda zake taratibu.

Mama Ernestine aliacha kupanga vifungo. "Mutoto wangu, uyu ni wa ngapi?"

"Wa ngapi nini?"

"Wa kufukuzwa."

Lisette alikasirika, lakini neno lilimkaa. Mchana alifungua simu, akatafuta. Mwaka jana alikuwa na Audace, aliyekaa siku mbili bila kupiga kwa sababu ya malaria. Alimwandikia: *Usinitafute tena. Mi nimechoka kungoja.* Akarudi nyuma zaidi, mpaka kwa Espoir. Maneno yale yale, hata nukta hazikubadilika. Espoir aliyastahili. Hawa wengine wawili je?

"Lisette," akajiuliza kwa sauti, "we unagombana na nani?"

Akakumbuka lile tumbo. Lilikuwa limekaza vile vile siku ya picha. Astère alikuwa hajakosa kitu, tumbo lilishamhukumu. Akalia, si kwa ajili ya Astère, ila kwa ajili ya yule binti aliyengoja miaka miwili na hakuna aliyempa pole, hata yeye mwenyewe. Akajifuta kwa kipande cha satini. Picha ya Espoir, aliyoitunza miaka yote hiyo, akaifuta. Kisha akaifungulia namba ya Astère, akapiga.

"Aloo?"

"Ni mi."

"Uliniambia nisikutafute."

"Njo maana nimekutafuta mi. Uko wapi?"

"Nyumbani, Gihosha. Nafua."

Alipanda mlima wa Gihosha kwa miguu, akamkuta uani, povu mpaka viwikoni. Alikataa kiti.

"Kuna mutu aliniacha bila kuniaga. Simu yako ikinyamaza, namuona yeye. Nilikuwa namugombeza yeye, ila masikio yalikuwa yako. Unisamehe."

Astère alikung'uta povu. "Na ikinyamaza tena?"

"Nitaogopa, sitakudanganya. Ila nitajua woga ule ni wa zamani, nitangoja unieleze."

"Na mi niseme ukweli. Kule kulikuwa na kilima kimoja chenye rezo. Walinionyesha siku ya pili. Nikasema nimechoka, nitapanda kesho. Nikalala."

"Ulilala?"

"Kama gogo."

Lisette alichota povu kwenye beseni, akampaka puani.

Mwezi uliofuata Astère alikwenda Ruyigi. Siku ya pili, kimya, na tumbo likakaza. Lisette aliweka mkasi chini. "Nakujua weye," akaliambia polepole. "Weye ni wa zamani. Pita." Halikupita mara moja, lakini aliendelea kushona, na mshono ukanyooka.

Kesho yake saa sita simu ikalia. Astère alikuwa akihema.

"Sheri! Nimepanda mulima saa nzima nisikie sauti yako!"

"Pole, mupenzi. Baba mukubwa Marcellin anauliza kama kwenu kuna wazee."

"Wazee wa nini?"

"Wa kuja kumuona kwake, Mutanga Nord. Wenye kujua kuomba."

Upepo ulivuma kwenye simu. Kisha ikaja kelele ambayo hata Mama Ernestine aliisikia.

"Lisette! Ni weye unaniposa?"

"Mi nimeuliza tu kama uko na wazee."

"Niko nao! Niko nao kumi na mbili!"

"Ni wengi. Viti hatuna."

"Watasimama!"

Lisette akainama juu ya cherehani, akacheka mpaka machozi.

"Anasema nini?" Mama Ernestine akauliza.

"Anasema watasimama."

Mama Ernestine hakuelewa hata kidogo, lakini alipiga vigelegele, na kibaraza kizima kikamwitikia.