Kokoto Chini ya Mkate

Hilux nyeupe ilikata kona ya mlima ikiwa juu ya magurudumu mawili.

Yidir Amzil, aliyekuwa akiifukuza kwa gari lake, hakupunguza mwendo.

Redio ilikoroma. "Tisa, unanisikia?"

"Nakusikia, Lalla Kanali," Yidir akamjibu bibi mkuu wake.

"Tumenasa simu ya watekaji. Ndege inatua saa kumi kamili. Wapi, hatujui."

Yidir akatupia jicho saa yake. Saa tisa na robo.

"Usimuue dereva wa Hilux," Kanali akaongeza. "Huyo peke yake ndiye anayejua walikomficha Mwalimu."

Mwalimu Tuda Ouhessou alikuwa bibi mmoja, mhadhiri wa miamba na udongo. Ndiye aliyemfundisha Yidir, pamoja na nusu ya wapelelezi wa Moroko, kusoma tope la kwenye viatu vya mhalifu. Ndiye pia aliyegundua madini mapya ya kobalti milimani, na ramani yake alikuwa bado hajaichora. Aliihifadhi kichwani. Siku tatu zilizopita mgeni mmoja aitwaye Corvin alimteka mlangoni mwa darasa lake. Akishapakiwa kwenye ndege hiyo, basi tena.

Tangu siku hiyo Yidir hakuwa amelala. Hata kutulia kulimshinda.

Akatoa bastola yake ya Beretta dirishani. Risasi moja, tairi la nyuma likapasuka, na Hilux ikaingia mtaroni.

Dereva akashuka, mikono juu, meno yote nje. Jina lake Lahsen Aznag, na polisi walimjua tangu zamani.

"Karibu, sidi, bwana wangu. Pekua, jisikie uko nyumbani."

Yidir alimtia pingu, kisha akapekua. Gari lilikuwa limeoshwa mpaka chini ya bampa. Matairi mapya. Viatu vya Lahsen vipya, karatasi ya dukani ingali ndani.

"Mwaka jana yule bibi yenu wa udongo alimfunga binamu yangu kwa tope la kijiko kimoja," Lahsen akasema. "Unadhani sisi wajinga siku zote? Tafuta! Ukipata hata chembe, nipige picha nayo."

Yidir alilizunguka gari mara tatu. Hakuna vumbi, hakuna jani. Kitini palikuwa na mkate tu, umefungwa kwa kitambaa, bado wa moto. Tangu jana alikuwa ameishi kwa chai. Akaumega, akauma kwa hasira.

Kach!

Jino lilitaka kung'oka.

"Wee! Mkate wangu huo!" Lahsen akaruka. "Huna adabu? Rudisha!"

Mtu aliyetiwa pingu, halafu anagombea mkate?

Yidir akaugeuza. Upande wa chini ulikuwa na mabonde mabonde. Wanawake wa milima ile huoka mkate juu ya kokoto za moto, na kokoto mbili zilikuwa zimeng'ang'ania.

"Umeununua wapi?"

"Sokoni, Taznakht."

"Kilomita sitini, na bado unaunguza vidole?"

Lahsen akatazama pembeni.

Yidir akazitoa zile kokoto. Akazilamba moja moja kuondoa unga, kama Mwalimu alivyowafundisha, akaweka lenzi jichoni. Ya kwanza ilikuwa ya kijani iliyofifia, nyembamba kama biskuti. Akaigonga kwa ufunguo.

Ting!

Jiwe la volkano, lile linalolia. Huteremka na mto mkavu wa Irkem tu.

Ya pili ilikuwa ya rangi ya waridi, yenye punje zinazometameta. Hiyo huletwa na mto wa Ouzru, upande wa pili wa mlima.

Kichwa chake kikaenda mbio. Hakuna mama anayevuka mlima kutafuta kokoto za tanuri. Huokota zilizo mlangoni pake. Mlango gani una zote mbili? Mlango ulio chini ya mahali mito hiyo inapokutana. Kutoka makutano hadi bwawa la bondeni ni kilomita nne, na hapo kati kuna nyumba moja tu.

"Kinu cha zamani," Yidir alisema.

Lahsen alikunja uso. "Tumbo langu hili! Niliambiwa nisibebe kitu. Lakini mkate wa moto, sidi, nani angeuacha?"

Yidir alikwisha kushika simu yake ya setilaiti, Thuraya. "Kanali, kinu cha juu ya bwawa."

"Nani kakuambia?"

"Mawe."

"Helikopta itachukua dakika hamsini."

"Nimebakiwa na thelathini na tano. Naenda."

Lahsen akabaki amefungwa kwenye usukani wa Hilux.

Kinuni, tanuri lilikuwa bado linatoa moshi. Mama mmoja alisimama kando yake akilia kimyakimya.

"Wamemteremsha bwawani sasa hivi, mwanangu. Kimbia!"

Yidir alikimbia.

Bwawa lilikuwa limekauka kwa ukame wa miaka mitatu, sakafu yake imepasuka vipande vipande, tambarare kama sinia. Ukingoni alisimama Corvin, amemkamata Mwalimu mkono. Kando yao mlinzi mwenye Kalashnikov. Hapakuwa na hata kichaka cha kujificha, na juu, ndege ndogo ya Cessna ilikuwa inashuka.

Yidir aliogopa. Akipiga risasi kutoka pale, angeweza kumpata Mwalimu.

Magurudumu yakagusa ardhi. Mita ishirini. Hamsini. Mia.

Kisha ardhi ikafunguka.

Pua ya ndege ilizama kwenye tope, mkia ukapanda juu, panga boi lake likavunjika. Mlinzi akabaki kinywa wazi. Yidir akawakimbilia, akampiga risasi ya bega, bunduki ikaanguka.

Corvin alimgeuzia Mwalimu bastola. "Ulisema udongo utabeba!"

Mwalimu akajiangusha chini, puu, kama gunia.

Beretta ikalia mara moja. Bastola ya Corvin ikaruka, naye akapiga magoti akiwa ameshika mkono wake uliokuwa ukivuja damu.

Yidir akawatia pingu wote wawili, akamwinua Mwalimu.

"Waliniuliza jana ndege itue wapi," Mwalimu alisema, akikung'uta kitambaa chake cha kichwani. "Nikawaonyesha katikati ya bwawa. Juu gamba, chini uji."

"Mwalimu, wangekuua palepale! Kama nisingefika?"

"Basi ningezikwa nyumbani." Akasema hivyo kama anayetaja tarehe. Kisha akamwinamia Corvin. "Huyu mvue viatu. Taratibu, tope lisidondoke! Darasa langu ni Jumatatu."

Simu ikaita.

"Tisa, ripoti."

"Mwalimu yuko hai. Ndege inahitaji trekta."

Akakata. Akarudisha Beretta kiunoni, akaanza kupanda ukingo polepole, mkono mfukoni, kama mtu aliyetoka kunywa chai. Mwalimu alimwita mara mbili. Hakugeuka, maana machozi yalikuwa yanamtiririka na hakutaka ayaone.