Kilio cha Matete ya Mkondoa

Siku tuzo ya Cleopa ilipofika Mikumi, mshale wa sauti kwenye mitambo ya redio ulicheza ilhali vipaza sauti vyote vilikuwa vimezimwa. Ida, fundi mitambo, aliugonga kwa kidole. Ukatulia, kisha ukapanda tena taratibu, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi.

Alipowaonyesha wenzake, hakuna aliyemsikiliza. Wote walikuwa wakimpongeza Cleopa, mtangazaji ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kufuata habari hata ya ng'ombe aliyeingia shambani, na leo majaji wa kimataifa wa redio na televisheni wamemvika kilemba cha ukoka. Kipindi chake kilihusu mafuriko ya Kilosa. Kilichowaliza majaji ni dakika nne za mama akimlilia mwanawe aliyechukuliwa na maji. Cleopa alijibanza kwenye matete ya Mto Mkondoa akairekodi sauti ile kwa siri, bila hata kumwona mwenyewe. Kijijini akauliza ni nani aliyefiwa, akaambiwa Nairesiae, mfugaji. Akaandika jina, akaondoka. Ida ndiye aliyesafisha sauti. Alijua yote akanyamaza, na kwa hilo alijidharau kuliko alivyomdharau Cleopa.

Wiki ile studio ikaanza kunuka tope.

Ijumaa saa sita mchana majaji walimpigia Cleopa kwa video. Akakaza tai, akatoa meno yote nje, wakamuuliza alifanyaje hadi mama mwenye msiba akamwamini, naye akafumbua mdomo ajibu, lakini kilichotoka hakikuwa jibu, kilikuwa kile kilio, kilekile cha kwenye matete, kikipanda na kushuka huku midomo yake imetulia wazi na macho yakimtoka, na mikono yake ikilikaba koo kana kwamba inaweza kulifunga, na maji ya matope yakimchuruzika kidevuni hadi kwenye tai.

"Cleopa, acha," Ida alinong'ona. "Tafadhali acha."

Akatikisa kichwa. Aliyelia hakuwa yeye.

Kwenye skrini majaji walivua miwani, wakafuta machozi, wakapiga makofi.

"Umeona?" Frank, meneja wa kituo, alimnong'oneza Ida. "Mwakani tunachukua tena."

Tangu siku hiyo Cleopa hakutamka neno. Kila alipofumbua mdomo, alilia kwa sauti ya mwanamke.

Jumapili Ida alipanda bodaboda hadi boma la Nairesiae, kwenye tambarare za Mkata. Alimkuta mama huyo akikamua mbuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuja kuomba radhi. Tulikurekodi ukimlilia mwanao, hukuambiwa."

"Mlinirekodi wapi?"

"Mtoni, kwenye matete."

"Mimi sikwenda mtoni," Nairesiae alisema. "Nilipoletewa habari nilianguka humu bomani. Wanawake walinishikilia siku saba."

Ida akatoa simu, akamsikilizisha. Mbuzi waliacha kutafuna, wakarudi nyuma wote kwa pamoja hadi kwenye ua wa miiba.

"Zima."

Akazima. Nairesiae aliweka kibuyu cha maziwa chini.

"Mwanangu Kaelo aliifuata sauti hii," alisema kwa sauti ya chini. "Alidhani ni mimi niko majini. Wenzake walimshika, akawaponyoka. Hii inalia ili ifuatwe, binti. Sisi tukiisikia tunahamisha ng'ombe. Ninyi mmeisikia, mkaipa redio."

Alimtazama Ida kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga.

"Mmewasikilizisha wangapi?"

Ida alirudisha simu mfukoni.

"Nchi arobaini na mbili," alisema. "Jioni hii waandaaji wa tuzo wanairudia hewani, kwa heshima ya washindi."

Nairesiae aliinuka, akawaita wajukuu wake mmoja mmoja kwa jina, akawaingiza ndani, akafunga mlango na kumwacha Ida nje.