Kioo Kizima Juu ya Ufa

Maiti ya Antoine Hatungimana ililala chali katika maji, kando ya zege lililovunjika, chini ya ghorofa kuukuu ya mtaa wa Nyamianda, mjini Uvira. Kikombe cha bati kilielea karibu na sikio lake. Juu, pale palipokuwa na roshani, palibaki vyuma vilivyopinda na ukungu wa asubuhi.

Inspekta Libérat Nkeshimana alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini.

Mwaka ule, jamani, ziwa lilikuwa limepanda kupita kiasi. Waasi walikuwa wamefukuzwa Uvira, lakini maji yalikuja yakakaa, na hakuna jeshi la kuyafukuza. Katika duka la chini visamaki vya ndagala viliogelea mbele ya kaunta. Mwanga wa maji ulicheza darini, polepole, hata mtu akiutazama sana anasahau alichokuja kufanya. Libérat aliutazama, akasahau. Kisha akajitikisa, akakiokota kikombe. Ndani kulikuwa na maziwa kidogo.

"Nani alikuwepo alipoanguka?"

"Minye, mimi hapa," alisema Jean-Berchmans, mwenye duka. "Alisimama kwenye roshani, anakunywa. Nikageuka kuteka maji, nikasikia kishindo. Basi."

"Ulitaka ghorofa hii ifungwe?"

"Sana!"

"Kweli? Wapangaji wenzako wote hawakutaka."

"Weye unaweza kuuzia samaki sabuni, Inspekta? Kila siku niliomba kile kioo cha mkaguzi kipasuke, serikali inipe mahali pakavu!"

Libérat nusura acheke, lakini alimwona Antoine pale chini na kicheko kikamkauka.

Antoine alikuwa mkaguzi wa majengo wa mji. Tangu nyumba moja ya Rugenge ilipowaangukia watu wakiwa mezani, amri ilitoka: kila ghorofa ya zamani ikaguliwe, mwenyewe atake asitake. Juu ya kila ufa Antoine alibandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta nyeupe. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinapasuka, maana kioo hakijui kuvutika. Kikipasuka, wote watoke siku hiyohiyo. Hakukuwa na kubembelezana.

Libérat alipanda ngazi. Juu aliishi Mama Mukabera, mjane wa kutoka milimani, kwa wafugaji. Alikuwa ameketi dirishani, mikono mapajani, akitazama barabara ya Fizi, na hakugeuka.

Ufa ulikuwa kando ya mlango wa roshani. Libérat alitia kidole, kikaingia chote. Na juu ya ufa huohuo, ee, kioo kizima, kinang'aa.

Ukuta umesogea kidole kizima, na kioo hakina hata mkwaruzo?

Aliinama. Mabonge ya udongo yaliyoziba ufa yalikuwa yametapakaa sakafuni, yamepakwa chokaa kwa nje. Alivunja moja, akalinusa. Samadi ya ng'ombe, imekandwa na majivu. Hivyo ndivyo wanawake wa milimani wanavyosiriba nyumba zao, lakini katika ghorofa hii hapakuwa na hata ndama. Kando ya kioo plasta ya Antoine ilikuwa imebanduliwa. Kilichoshika kioo kilikuwa samadi ileile.

Ukutani ilining'inia picha ya kijana. Fremu yake haikuwa na kioo, na nzi alikuwa akitembea juu ya shavu la kijana.

"Mama, huyu ni nani?"

"Gakwaya. Mtoto wangu."

"Yuko wapi?"

"Waasi walimubebesha mizigo yao, wakashuka naye. Watu wa Makobola, kwenye barabara ya Fizi, walimuona akipita."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Na kioo cha picha yake?"

Mama Mukabera alielekeza kidevu kwenye ufa. Mwanga wa ziwa ulipita usoni mwake, ukaenda, ukarudi.

"Unakiona pale, mwanangu. Kwa nini unaniuliza?"

Libérat aliketi sakafuni, kama mtoto kwa mama yake. Aliona haya kuuliza, akauliza.

"Cha Antoine kilipasuka lini?"

"Juzi, mchana. Nilisikia: ta! Nikaagiza samadi kwa ndugu zangu wenye ng'ombe. Minye sijui plasta. Ile samadi njo najua."

"Ulijua watu wanaweza kufa?"

"Nilijua watanitoa." Sauti ilimpasuka. "Siku walipomuchukua, Gakwaya alipiga kelele kule barabarani: Mama, usihame! Nikirudi nitakutafuta kwenye dirisha ile! Nikihama, atanitafuta wapi?"

"Na leo asubuhi?"

"Antoine alikuja. Akatazama kioo, akafurahi, akasema: Mama, nyumba yako iko nzima. Nikamupa maziwa, kama siku zote. Alipenda kuyanywa pale nje." Alifuta macho kwa kanga. "Nilitaka kumuita arudi, Inspekta. Mudomo ulifunguka. Halafu nikaona barabara ya Fizi, nikaufunga."

Libérat alimhurumia na kumkasirikia kwa pamoja, na hakujua kipi kilizidi. Antoine naye alikuwa na mama. Alimwambia kwamba anamkamata kwa kifo cha Antoine Hatungimana, na kwamba ghorofa itahamwa kabla ya saa sita. Mama Mukabera aliondoa picha ukutani, akaikumbatia.

Kwenye ngazi aliuliza, "Dirisha ya mahabusi inatazama wapi?"

"Ziwani, Mama."



Saa sita nyumba ilikuwa tupu. Libérat alimweka askari upande wa pili wa barabara, asiruhusu mtu kuingia.

"Kijana mmoja akija, mulete kwangu mbio. Anaitwa Gakwaya."

"Simujui, Inspekta. Nitamutambua namna gani?"

Libérat aliangalia juu. Dirisha lilikuwa wazi, na mwanga wa maji ulikuwa bado unacheza darini.

"Atasimama hapa ulipo," alisema. "Atatazama dirisha lile."