Mke wa Chumba Namba Tatu

"Shemeji, kuna simu ya mumeo," Muthoni, msimamizi wa nyumba, aliita kutoka kwenye korido. "Nimesema ametoka ila mkewe yupo, wanataka kuongea na wewe."

Flaviana aliacha chai yake jikoni akaenda. Ilikuwa Jumapili, Aprili 2010. Majivu ya volkano ya Iceland yalikuwa yamezuia ndege, na wikiendi fupi ya Stockholm aliyoletwa na mchumba wake kutoka London ilikuwa imegeuka kifungo. Nyumba ile ya wageni ilikuwa ya chama cha Waafrika Mashariki waliowahi kusoma Sweden. Walipokea mwanachama na mwenzi wake wa ndoa tu. Evodius, mwanachama wa siku nyingi, alimwandikisha kama mke, na Flaviana hakuona ubaya. Harusi si ilikuwa Desemba?

"Haloo."

"Wewe ndiye mke wa Evodius?" Sauti ya mwanamke, lafudhi ya Bukoba kabisa.

"Bado kidogo," Flaviana alicheka. "Naongea na nani?"

"Naitwa Gaudiosa. Evodius ni mume wangu. Nimesikia habari za majivu redioni, simu yake haipatikani, nikaingiwa na wasiwasi, nikapiga hapa anapofikia siku zote."

Flaviana alishika ukuta.

"Gaudiosa alifariki."

"Alikwambia hivyo?"

"Wakati wa kujifungua."

"Na mtoto?"

Flaviana alitazama mlango wa chumba namba tatu.

"Niambie, mdogo wangu. Na mtoto?"

"Alisema wote wawili."

Upande wa pili mtoto alikuwa akidai uji. Gaudiosa alimwambia asubiri, kwa upole tu, kisha akarudi kwenye simu.

"Akija, mwambie sisi tu wazima."

Akakata.

Evodius alirudi kutoka stesheni na mfuko wa mikate.

"Treni zimejaa mpaka Alhamisi. Tuvumilie, mpenzi."

"Mkeo amepiga simu. Anasema yeye na mtoto ni wazima."

Aliuweka mfuko kitandani taratibu.

"Flavi, kaa kwanza."

"Kwa nini uliwaua?"

"Siku ya kwanza kabisa ulisema hutoki na mume wa mtu. Nilifanyaje? Niliogopa kukukosa."

"Hata mtoto?"

Evodius aliinamia mfuko wa mikate. Flaviana alivuta begi lake, akaanza kutupia nguo.

"Unakwenda wapi? Ndege hakuna, treni hakuna, na mji huu humjui mtu."

Ilikuwa kweli, na hicho ndicho kilichomuuma. Chumba kimoja, kitanda kimoja, dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Alijiona kama amefungiwa ndani ya uongo wenyewe. Alikaa sakafuni na koti mwilini, Evodius akieleza na kueleza. Mwishowe Flaviana aliinuka, akamfuata Muthoni jikoni.

"Dada, mimi si mke wake. Amekudanganya, na mimi nilinyamaza. Najua natakiwa nitoke."

Muthoni alizima jiko.

"Nilikuona ulivyoshika ule ukuta," alisema. "Mimi naishi Rinkeby, pembeni mwa mji. Sebuleni kuna kochi. Leta begi."

Flaviana alilala kwenye kochi hilo mpaka anga ilipofunguliwa. Watoto wa Muthoni walimuuliza maswali kwa Kiswidi, yeye akatabasamu tu. Ujumbe wa Evodius haukukoma: "Flavi naomba turudi chumbani tuongee kiutu uzima." Kisha: "Usiniache peke yangu huku." Hakujibu hata mmoja.

Lakini tiketi zao zilikatwa pamoja, na shirika la ndege liliwahamisha pamoja. Kwenye uwanja wa ndege wa Arlanda alimkuta kwenye foleni, hajanyoa.

"Nimeamua," Evodius alisema. "Nitaachana na Gaudiosa. Sasa hakuna uongo kati yetu."

"Ulishamzika mara moja. Mwache aishi."

Flaviana aliomba kiti kingine. Mhudumu alimwambia ndege imejaa pomoni. Basi alikaa dirishani, Evodius pembeni, magoti yake yamefunga njia. Juu ya bahari Evodius alianza kulia kimyakimya. Flaviana alivua pete ya uchumba, akaiweka kwenye kimeza cha Evodius. Mkono wake ulitaka kumgusa bega. Aliubana katikati ya mapaja mpaka London.

Ndege iliposimama, abiria waliinuka.

"Naomba kupita," alisema.

Evodius hakusogea mara moja. Alingoja kama kuna neno jingine litakalofuata. Halikufuata. Akasimama, akampisha.