Senti ya Beryl

Rafiki yangu Duncan si mwongo. Mwongo mimi simkaribishi chai. Senti ya zamani yenye tundu, ya kwanza kuichimbua kwa mashine yake ya kutafutia vyuma, alimfunga nayo bintiye Beryl mkononi kwa uzi mwekundu. Beryl alipofariki, alizikwa nayo makaburini kule Bongwe.

Tangu hapo Duncan akawa anatafuta nyingine ya kumkumbukia.

"Baba Beryl, utachimba mpaka lini?" mkewe alimuuliza.

"Mpaka niipate, mama."

Jioni moja kule Ramisi, mbali na Bongwe, giza likiingia katikati ya miwa, mashine ililia taratibu, kama mtoto anayeguna usingizini. Akachimba hadi kina cha kiwiko. Senti ikatoka na uzi mwekundu, umefungwa fundo lile lile alilolifunga yeye mwenyewe.

Uzi ulikuwa bado una joto la mkono.