Mkono wa Chuma wa Kapteni Ilmar

Mashine ya pembeni kabisa, ile iliyopakana na choo, ilikuwa haina hata waya wa umeme. Don Teofilo, mwenye ukumbi ule wa gemu, alishauchomoa akaupeleka kwenye mashine nyingine, akaacha pale kiti, kioo cheusi na hedifoni zinazoning'inia. Kwa hiyo mchana ule Osmar alipouliza, kwa ile sauti yake ya kumdharau kila mtu, "Haya, nani humu ndani anajua aliyefungua lango la Orfa?" na sauti nyembamba ikatoka kwenye zile hedifoni ikisema, "Mimi," watu walipaswa kutimua mbio.

Hawakutimua mbio. Walicheka.

"Percy, acha ujinga," alisema Osmar bila kugeuka.

"Niko nyuma yako, kenge wewe," alijibu Percy, mdomo umejaa chipsi na soseji. "Nimerogwa mpaka nikaongee chooni?"

Wakacheka tena, na hakuna aliyesimama kwenda kutazama. Wabishi wale walikuwa hawajali nani kasema. Walijali kama amekosea.

Hebu nikwambie ni watu wa namna gani. *Majivu ya Orfa* ni gemu la kufyatuliana risasi: askari wa sayari moja wanapigana na mijidudu ya chuma iliyotoka sayari nyingine. Watu wenye akili zao hulicheza, wakachoka, wakaenda kula. Hawa wa ukumbi wa Don Teofilo, kule Comas juu mlimani, ambako ukungu wa Lima ukishatanda hauondoki mpaka majira yabadilike, walikuwa hata hawachezi sana. Walibishana. Kapteni Ilmar, mwenye mkono wa chuma, alilifungua lango mwenyewe au alisalitiwa? Alifia langoni au alitoroka? Mijitu mizima, mingine na mindevu yake, ilikuwa inatukaniana mama kwa ajili ya kapteni ambaye hakuzaliwa wala hatazikwa. Percy, fundi viatu, mwenye mke na watoto, alikuwa hasemezani na binamu yake wa damu kwa sababu ya lango hilo.

Na aliyewapita wote kwa ubishi na kiburi ni huyu Osmar Ccori, kijana asiye na kazi wala dalili ya kuitafuta. Wenzake walimwita Mwalimu kwa kejeli, naye akapokea kama heshima. Kosa likipita mbele yake bila kusahihishwa, chakula hakishuki. Siku ya mazishi ya baba yake alimkatiza padri mbele ya jeneza kwa kuwa alikosea kutamka kijiji alichozaliwa marehemu. Mama yake, Fortunata, alitamani kaburi lichukue wawili.

Mchana ule ule dada yake, Nayda, alikuja kumwita chakula, mwiko bado mkononi. Alikuwa msichana mpole, ndiyo kwanza amemaliza shule, na alikuwa ameyasikia mabishano yale kila siku mpaka yakamwingia bila kutaka.

"Kaka, mama anakuita. Dengu zinapoa."

"Subiri. Namalizia kumfundisha mtu hapa. Ilmar alitoroka kabla lango halijafunguliwa, basi, imekwisha."

"Sasa kama alishatoroka," alisema Nayda, "ile sauti yake inayosikika langoni baada ya lango kufunguka ni ya nani?"

Percy akapiga meza kwa furaha mpaka soseji ikaruka. "Uwii! Mwalimu kafeli! Kafelishwa na mtoto wa kike aliyekuja na mwiko!"

Osmar alisikia masikio yakimchoma. Aibu ile ingempita mtu mwingine kabla hajafika nyumbani. Yeye ikamganda.

"Unajua sana, eeh?" alimwambia dada yake. "Basi yuko bingwa pale pembeni, anasema lango alifungua yeye. Kavae zile hedifoni ukabishane naye. Nenda, kama kweli unajua."

Alitaka tu achekwe. Nayda alitazama ile mashine isiyo na waya, akamtazama kaka yake, na kwa kuwa hakupenda ugomvi, akaenda, akaketi, akavaa. Papo hapo harufu ya nywele zilizoungua ikaenea ukumbini. Don Teofilo alikagua nyaya zote akitukana, hakuona kitu. Nayda alikaa, mikono mapajani, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani. Alipovua hedifoni alikuwa anatabasamu.

"Kasema nini?" aliuliza Osmar.

"Kasema uendelee kuuliza."

Siku chache zilipita. Mama Fortunata, ambaye kila alfajiri aliuza emoliente, kile kinywaji cha moto cha shayiri na mitishamba, kwenye kituo cha mabasi, ndiye aliyeona kwanza kwamba binti yake hali chumvi, na kwamba akipita, paka wa jirani anaruka ukutani akikimbia. Kisha mchana mmoja, wote watatu wakiwa mezani, ukungu umeziba dirisha, Nayda aliweka kijiko chini na ile harufu ya nywele ikajaa chumba, na kutoka katika koo lake ikatoka sauti nzito, kama inatoka chini ya tangi la maji.

"Sikufia langoni."

"Mwanangu," alinong'ona mama yake, "unaongea na nani?"

Osmar aliogopa. Simwonei: vinyweleo vilimsimama mpaka shingoni, na aliitambua sauti, ni ile ya Ilmar ya kwenye gemu. Lakini mjinga ana lake.

"Ulifia langoni," alisema, yeye ambaye majuzi tu alikuwa ameng'ang'ania kwamba Ilmar alitoroka. "Sehemu ya pili, mwishoni kabisa. Maiti inaonekana."

"Uliiona sura?"

"Ina mkono wa chuma!"

"Mikono ya chuma ilikuwa mingi Orfa. Leta ushahidi mwingine."

Na Mungu amsamehe, Osmar alifurahi. Miaka yote alikuwa anabishana na mafundi viatu, leo kapata mtu wa saizi yake. Akasogeza kiti. Mama yao alianza kusali kwa sauti ya chini, naye akamwambia, "Mama, punguza kidogo, simsikii."

Ikawa hivyo kila ukungu uliposhuka. Jini linasema, Osmar anajibu, linajibu, anajibu, na wakimaliza Nayda anaanguka usingizi wa gogo na kuamka amepungua, mashavu yameingia ndani, sauti yake mwenyewe imebaki kama ya mtu anayeita kutoka mtaa wa tatu. Siku moja alipata nafuu kidogo akamshika kaka yake kidole.

"Kaka, ukimjibu nasikia kama natolewa nje ya nyumba yangu mwenyewe, na mlango unafungwa nyuma yangu. Kila jibu, mlango mmoja. Usimjibu tena. Nakuomba."

Osmar alilia, na hakuwa anajifanya. Yeye ndiye aliyembeba Nayda mabegani kwenye zile ngazi ndefu za Comas wakati baba anaumwa, Nayda akiwa mdogo, anamvuta masikio kama hatamu. Hapakuwa na kitu anachokipenda kumzidi. Aliapa kwa roho ya baba yao. Kesho yake jini likasema Ilmar alikuwa na mabinti wawili, na Osmar akasema, "Mmoja! Mmoja tu, tena wa kulea!" na kiapo kikaishia hapo, dengu hazijapoa.

Ndipo mama Fortunata alipofunga kibanda chake akaenda kumtafuta Bi Eusebia, mganga wa kutoka Huancabamba, mama mfupi mwenye shali nzito na simbilisi mweusi, kipanya kile kinono kisicho na mkia, chini ya shali. Alimpitisha simbilisi mwilini mwa Nayda, kutoka utosini hadi nyayoni, akinong'ona na kupuliza moshi wa tumbaku. Yule mnyama alipiga kelele moja akafa mkononi. Bi Eusebia akampasua, akatazama moyo, akatazama ini, akatikisa kichwa. Kisha akafungua kinywa cha yule mnyama. Ulimi ulikuwa mweusi kama mkaa.

"Hiki hakitaki damu," alisema. "Hakitaki nyama wala pombe. Kinakula majibu. Nani humu ndani anakijibu?"

Mama Fortunata aligeuka tu akamtazama mwanawe.

"Nilikuwa namsahihisha tu," alisema Osmar.

"Unamsahihisha." Bi Eusebia alimtazama kama anavyotazamwa mtoto mkubwa aliyejikojolea. "Kijana, wewe umekuwa ukilinyonyesha. Hata mbwa huacha kubweka akiambiwa. Sasa sikia, na usikie kwa masikio yote. Ijumaa adhuhuri nitalitoa. Mama atashika gauni la msichana mlangoni na kumwita kwa jina, ili roho ijue nyumba. Wewe utashika miguu yake, kwa sababu wewe ni ndugu yake wa damu, na bila ndugu wa damu roho haishikiki. Litasema. Litatukana, litabembeleza, litalia kwa sauti yake. Acha liseme. Likijibiwa neno moja na mtu wa damu yake kabla halijavuka kizingiti, limekaribishwa, na mimi sina dawa ya mgeni aliyekaribishwa. Umeelewa?"

"Neno moja tu nishindwe kulizuia? Mimi si mtoto."

"Ningependa ungekuwa mtoto," alisema Bi Eusebia.

Ijumaa ilifika, na ukungu haujapata kuwa mzito vile. Walimlaza Nayda kwenye mkeka, mlango wazi, mama amesimama kizingitini na gauni la njano mkononi. Osmar alipiga magoti akashika miguu ya dada yake, ilikuwa baridi kama bomba la maji. Bi Eusebia akawasha tumbaku, akamwaga maji ya maua, akaanza.

"Njoo, Nayda," aliita mama, akipunga gauni. "Njoo nyumbani, mwanangu. Usibaki huko. Njoo."

Kwanza likatukana, matusi ambayo hata Percy hakuyajua, na Osmar akakaza meno. Kisha likalia kwa sauti ya Nayda mwenyewe, "Kaka, naungua, kaka, niambie tu upo, sema tu ndiyo," na machozi yakamtiririka Osmar mpaka kifuani na midomo yake ikabaki imefungwa. Kisha likaja kwa sauti ya baba yao, ile ya siku za mwisho, yenye kikohozi ndani yake, likamwita kwa jina ambalo baba peke yake alikuwa akimwita, na moshi ukazidi, na harufu ya nywele ikazidi, na miguu ile ikaanza kutetemeka mikononi mwake huku mama akiita njoo, njoo, njoo, na Bi Eusebia akipuliza na kupiga sakafu kwa fimbo, na Osmar akiwa ameuma ulimi mpaka damu inamjaa mdomoni na bado, wallahi, bado hakusema neno. Nampa haki yake. Wanaume wengi wangekuwa wamesema.

Miguu ikaanza kupata joto.

Kwanza vidole, kisha nyayo. Moshi uliokuwa umetuama juu ya mkeka ukajikusanya, ukaburuzika chini kuelekea mlangoni, na mama Fortunata akasogea kando kuupisha, gauni limebanwa kifuani. Nayda akavuta pumzi ndefu, pumzi yake mwenyewe. Bi Eusebia aliinua kidole: bado. Ule moshi ulifika kizingitini ukasimama, na sauti ikatoka humo, imechoka, ndogo, haina tena hasira.

"Basi nakwenda," ilisema. "Nakwenda kama alivyokwenda Kapteni Ilmar, na mkono wake wa chuma. Mkono wa kushoto."

Osmar alishtuka. Bi Eusebia alimwona akishtuka na macho yake yakamtoka.

Alijizuia. Alimeza mate, alimeza damu. Alitazama uso wa dada yake, ambao rangi ilikuwa inarudi shavuni, na akajiambia kwamba ni kitu kidogo, ni mkono tu, nani anajali, acha upite.

"Wa kushoto," ilirudia sauti, nusu yake ikiwa imeshatoka nje. "Osmar mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Alisema kushoto."

"Mimi?" alifoka Osmar. "Sijawahi kusema hivyo hata siku moja! Ni wa kulia!"

Gauni likamwanguka mama Fortunata. Bi Eusebia alishusha fimbo yake taratibu, akaanza kukusanya vitu vyake, chupa, tumbaku, shali, bila kumtazama mtu, akatoka kwa kupitia pale pale ambapo moshi ulikuwa umesimama, kwa maana haukuwepo tena. Miguu mikononi mwa Osmar ilikuwa imerudi baridi.

Nayda alifumbua macho, akaketi, akajitengeneza nywele, akamgeukia kaka yake kwa upole kama mgeni aliyepewa kiti.

"Wa kulia," lilisema. "Ehee. Ushahidi?"

Mama Fortunata aliruka akampiga mwanawe chini, akamkalia kifuani, akamziba mdomo kwa mikono yake miwili huku akilia, akimwomba, akimtaja mpaka baba yake. Osmar alimwona. Alimsikia vizuri. Alimwona na dada yake pia, alivyokuwa akipungua palepale alipoketi. Na chini ya viganja vya mama yake midomo yake ilikuwa bado inakwenda, ikieleza kwamba ni sehemu ya kwanza, tukio la pili, pale Ilmar anapopiga saluti.