Taya la Fisi

Kila alasiri nikitoka shule nilipepeta mtama uani huku nikimsikiliza bibi yangu, Worokia, akifanya mazoezi ya wimbo wa Fisi. Kwetu, karibu na mji wa Segu, kikaragosi hakitoki bila wimbo wake, na wimbo huo aliujua yeye peke yake. Fisi mwenyewe alichongwa na marehemu babu.

Siku tatu kabla ya sherehe ya vikaragosi niliingia kisirisiri chumba cha vikaragosi, ambako wasichana hatukuruhusiwa. Nikavuta kamba ya taya la Fisi. Ka! Nikacheka, nikavuta tena kwa nguvu. Kamba ikakatika. Niliiunga kwa uzi mwembamba, nikatoka mbio.

Tangu hapo niliisikia ile ka! kila mahali: kwenye mchi, kwenye mlango, hata darasani.

Siku ya sherehe uwanja ulifurika. Fisi alitoka akicheza, vijana wawili wamejificha ndani ya vazi lake. Bibi akaanza kuimba. Taya likafunguka mara moja, kisha likaning'inia. Ngoma zikanyamaza.

"Kamba imekatika katikati ya wimbo!" watu wakanong'ona. "Ni ishara: marehemu mchongaji kamkataa mwimbaji."

Mzee Zumana, mpiga ngoma na mtani wa bibi, alijaribu kuokoa mambo.

"Worokia, mla maharage wewe! Fisi kasikia harufu, kaishiwa nguvu!"

Hakuna aliyecheka. Bibi alimtazama Fisi, machozi yakamtoka.

"Nimesikia, mume wangu," akasema. "Sitaimba tena."

Nilihisi macho ya yule Fisi yananitazama mimi tu. Nilikwenda mpaka katikati ya uwanja.

"Bibi, si babu. Ni mimi niliyeikata kamba."

"Lini, Nyele?"

"Siku tatu zilizopita. Nikaiunga kwa uzi. Niliogopa."

Mzee Zumana alifunua vazi, akauona uzi, akaguna. Akafunga kamba mpya. Bibi alifuta machozi, akanishika bega kwa nguvu.

"Kukata kamba ni kosa dogo. Lakini ulinyamaza, ukamtwika babu yako lawama. Aliyekufa hana mdomo wa kujitetea, mjukuu wangu. Kosa lako libebe mwenyewe, hata likiwa zito. Sasa simama hapa mbele, uniitikie."

Akaimba. Nikamwitikia huku nikilia, watu wote wakinitazama.